Kamyo ya zamani na mvua: mpira mpya hauzibi tole iliyooza

Mwaka jana, katikati ya mvua, nilipanda kabini ya kamyo moja ya zamani iliyobeba samaki ya kukausha. Shofere alinipa nafasi ya heshima, ile ya dirishani. Kifaa changu cha kurekodi nilikiweka mbele yangu, chini ya kioo, nikiwaza hapo ndipo pakavu kuliko mahali pengine. Ndani yake mlikuwa na sauti za mama watano wa hapa Kinkondja wanaouza samaki, walikuwa wamenieleza kazi yao tangu asubuhi hadi mchana. Mvua ikashuka. Kwanza tone moja kwenye kona ya parabrizi, kisha mstari wa maji, kisha mto mdogo uliopita juu ya dashibodi kama vile ulikuwa unajua njia. Shofere akanipa kitambaa. Nilikuwa nafuta miguu yangu, kumbe kifaa ndicho kilikuwa kinakunywa. Sauti za wale mama hazikupatikana tena na kipindi hakikutoka.

Tangu siku ile, nikiona kamyo ya zamani, macho yangu yanaenda kwenye mipira yake kabla ya kuangalia kitu kingine. Nasema juu ya ile mipira myeusi inayozunguka kioo cha mbele, milango na madirisha, ambayo mafundi wetu kwa Kifaransa cha garaji wanaita joint. Watu wengi wanaihesabu kama pambo. Wakitengeneza kamyo, wanaanza na mota, gia, breki, pine, na mwisho rangi. Mpira unakumbukwa mvua ikisha kuanza kunyesha.

Mwaka huu mama mmoja mfanyabiashara wa hapa kwetu alinifungulia lango la uwanja wake ili niangalie kazi ya kurudisha kamyo ya marehemu mume wake. Ni Mercedes 911, ile yenye pua fupi ya mviringo ambayo kila mtoto wa Katanga anaitambua. Kampuni ya Daimler-Benz ilianza kutoa magari ya umbo hilo mwaka 1959, na yalisambaa katika Afrika yote kwa sababu yanavumilia barabara mbaya na fundi anaweza kuyafungua kwa funguo za kawaida. Ulaya kuna watu wanaorudisha kamyo kama hii ili waionyeshe siku ya Jumapili. Hapa kwetu mama anataka ifanye kazi: kupeleka samaki, kurudi na unga, chumvi na sabuni, na kusomesha watoto wanne. Kamyo ikilala, watoto nao wanarudishwa nyumbani kutoka shule.

Na alikuwa amekwisha kulipa mara moja bure. Garaji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilimwekea mpira mpya kabisa wa parabrizi, mweusi unaong'aa. Mvua ya kwanza, maji yakaingia kama zamani. Akafikiri ameuziwa mpira mbaya. Fundi wa pili, mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye magaraji ya Kamina kabla ya kurudi kijijini, alizunguka kabini mara mbili, akaingiza ncha ya kisu chini ya mpira ule mpya na kuunyanyua. Chini yake hapakuwa na chuma. Kulikuwa na unga mwekundu. Akamwambia: "Mama, mpira iko muzuri. Maji haiingiake ku mpira, inaingiaka ku tole."

Neno hilo ndilo lililonifanya nikae pale siku nne.

Tuanze na jinsi mpira wa kioo unavyofanya kazi, maana ukielewa hapo, mengine yanafuata. Ukikata kipande cha mpira wa parabrizi na kukiangalia kwa mbele, utaona kina mifereji miwili iliyopeana mgongo. Mfereji mmoja unashika kioo. Mwingine unashika ukingo wa tole, yaani ule mdomo mwembamba wa chuma unaozunguka tundu la kioo kwenye kabini. Hakuna skurubu wala msumari. Kioo kinashikwa na mpira, mpira unashikwa na ukingo, na vyote vinabanana. Aina nyingine zina mfereji wa tatu, mdogo, upande wa nje, ambamo mnaingizwa kamba ya mpira mgumu mwishoni ili kukaza kila kitu, kama kabari.

Sasa, kama ule ukingo umeliwa na kutu, mdomo wa mpira utabana nini? Utabana matundu. Na ubaya wa kutu ya mahali hapo ni kwamba haionekani. Mpira unaifunika. Maji kidogo yanapita chini ya mpira uliozeeka, yanakaa pale bila jua wala upepo wa kuyakausha, na chuma kinakula rangi yake polepole kutoka ndani. Kwa nje unaona rangi imevimba kidogo tu kwenye kona ya chini, kama upele. Ukiona upele huo kwenye kamyo yako, usipake rangi juu. Toa kioo.

Kutoa kioo ni kazi ya roho nzuri. Mpira wa zamani ambao hautatumika tena unakatwa kwa kisu, mdomo wa nje wote unaondolewa, na kioo kinasukumwa kutoka ndani kwa viganja, watu wawili wakikipokea nje. Anayetaka kuokoa mpira wa zamani uliokauka kwa kuufungua na bisibisi ndiye anayevunja kioo. Mpira unaagizwa Lubumbashi kwa mita. Kioo cha 911 ni kutafuta kwa wiki nyingi na kukisafirisha kwa maombi.

Kioo kikisha kutoka, fundi aliionyesha ile kazi ambayo garaji ya kwanza iliruka. Kwa brosi ya chuma na karatasi ya msasa alisugua ukingo wote hadi chuma kikawa cheupe. Pale palipokuwa na matundu alikata tole mbovu, akaunganisha kipande kipya kwa kulehemu, akapiga nyundo taratibu hadi ukingo ukarudi kuwa mwembamba na sawa. Unene wa ukingo ni jambo kubwa. Ukirundika tole juu ya tole, au ukijaza mastiki nene, mfereji wa mpira hautaingia, au utaingia kwa nguvu na kupasua kioo siku kamyo itakapopita kwenye shimo la kwanza. Kisha rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, pande zote mbili za ukingo, hata sehemu ambayo hakuna mtu atakayeiona tena.

Halafu ikawa kungoja. Mama alikasirika kidogo. Rangi ilionekana kavu tangu jioni ile, kwa nini tupoteze siku? Fundi akamweleza kwa upole kwamba rangi ikifunikwa na mpira kabla dawa yake haijamaliza kutoka, inabaki laini chini, inashikamana na mpira, na siku yoyote mpira ukisogea unaondoka na rangi. Tunarudi palepale kwenye chuma kitupu. Akaiacha siku tatu kwenye jua. Mimi nilikuwa upande wa mama, nakiri, lakini nikanyamaza.

Katika siku hizo za kungoja tulizungumza juu ya mpira wenyewe. Mkongo akisikia neno mpira, iko na historia nzito ndani yake. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira wa mti ukichanganywa na salfa na kupikwa, unaacha kuyeyuka kwenye joto na kupasuka kwenye baridi. Mwaka 1888 John Dunlop akatengeneza pine ya kujazwa hewa, na ulimwengu mzima ukataka mpira. Nchi yetu wakati huo ilikuwa mali ya Léopold II, tangu 1885 hadi 1908, na mababu wa sehemu nyingi walilazimishwa kwa bunduki na fimbo kukusanya utomvu wa mitambaazi ya porini. Leo kipande cha mpira tunakinunua kwa dola. Nimelisema, tuendelee.

Mpira wa asili una adui wawili: jua na ozoni, ile hewa kali inayopatikana kidogo angani kila mahali. Ozoni inaukata mpira pale ulipovutwa. Ndiyo maana mipira ya zamani inapasuka zaidi kwenye kona, mahali ilipopindishwa. Jaribio lake ni rahisi. Kunja mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo nyingi zinafunguka kama udongo wa ziwa uliokauka, umekufa hata kama ukinyooka tena unaonekana mzima. Tangu miaka ya 1960 viwanda vilianza kutoa mpira mwingine wa kutengenezwa, unaoitwa EPDM, ambao unavumilia jua na ozoni vizuri zaidi, na mipira mingi mizuri ya milango na vioo inayouzwa leo ni ya aina hiyo. Lakini ya asili na EPDM zote mbili zina adui mmoja wa tatu, na huyo tunamleta sisi wenyewe: mafuta. Esansi, mazuti, grisi na mafuta ya mota vinauvimbisha mpira na kuulainisha hadi unapoteza umbo. Nimeona kwa macho yangu kijana anapaka mazuti mpira mpya ili uingie kirahisi. Utaingia kweli. Baada ya miezi utakuwa unaning'inia kama mdomo wa mbuzi.

Kinachotumika ni maji ya sabuni. Sabuni ile ile ya kufulia, imeyeyushwa kwenye ndoo. Inatelezesha, kisha inakauka na mpira unashika.

Mpira wa mama ulifika kutoka Lubumbashi kwa njia yetu ya kawaida, hadi Bukama, kisha ukateremka na Lualaba kwa mtumbwi wa mota, umekunjwa na kufungwa kamba kama kuku wa soko. Ulikuwa na makunyanzi kila mahali. Fundi hakuuvuta kuunyoosha. Aliulaza juu ya bati kwenye jua la saa sita, akaugeuza mara moja moja kama samaki, na saa ya kazi ulikuwa laini na umenyooka wenyewe. Huu ndio ushauri ambao naona una faida kuliko mwingine kwa sisi tusio na garaji yenye umeme: fanya kazi ya mpira mchana wa joto. Asubuhi ya kipwa, penye baridi, mpira ni mgumu na kioo hakina huruma.

Siku ya kuweka kioo ilihitaji watu watatu. Kwanza mpira ulivikwa kwenye kioo kikiwa kimelazwa juu ya godoro la zamani, kuzunguka pande zote. Kama mpira ni wa kukatwa kwa mita, unakatwa mrefu kidogo kuliko mzunguko wa kioo, sentimita moja au mbili, na ile ziada inasukumwa ndani kwa kubana. Hapa ndipo mafundi wengi wanateleza. Wanavuta mpira ufike, wakifurahi kwamba umetosha na kipande kimebaki. Mpira uliovutwa unakumbuka urefu wake. Baada ya wiki chache unarudi, na unafungua nafasi mahali pa kiungo, au unakatiza kona badala ya kuifuata. Kiungo nacho kisiwe kwenye kona hata siku moja.

Kisha fundi akachukua kamba nyembamba yenye nguvu, ya wavuvi, kitu ambacho Kinkondja hakikosekani, akaipitisha ndani ya ule mfereji unaosubiri ukingo wa tole, kuzunguka kioo chote. Ncha mbili zilipishana katikati ya sehemu ya chini na kuning'inia upande wa ndani. Akapaka maji ya sabuni kwenye ukingo na kwenye mpira. Watu wawili wakanyanyua kioo kutoka nje na kukiegemeza kwenye tundu lake, chini kwanza. Yeye akaingia kabini na kuanza kuvuta ncha moja ya kamba polepole. Kila kamba inapotoka, inanyanyua mdomo wa mpira na kuuvusha juu ya ukingo wa chuma, kama unavyovalisha mtoto sweta ukivuta kola ipite kichwani. Wale wa nje wanapiga kioo kwa kiganja mahali palepale kamba inapotoka. Kiganja, si ngumi, na nyundo ya mpira iachwe nyumbani. Chini kwanza, kona za chini, pande, na juu mwishoni. Ikikataa, unaacha, unaongeza sabuni, unarudi nyuma kidogo. Kuna wakati kamba iligoma kwenye kona ya kulia na sote tulishika pumzi. Fundi akasema twende tunywe maji kwanza. Tulipokunywa na kurudi, ikapita.

Baada ya mpira kukaa, anaingiza mastiki laini, ile isiyokauka kuwa mawe, chini ya mdomo wa mpira kwa upande wa nje: kati ya mpira na kioo, na kati ya mpira na tole. Wengi wetu tunakimbilia silikoni ya dukani. Ninusie kabla ya kununua, fundi aliniambia. Silikoni inayonuka kama siki inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo ikikutana na chuma kilichokwaruzwa inaanzisha kutu upya. Kwa aquarium haina shida, kwa kamyo si rafiki. Tena fundi atakayefungua kioo hicho baadaye atakutukana, maana itabidi aikate kwa wembe.

Milango ina akili nyingine. Pale mpira haushiki kioo, unangoja mlango uje kuubana. Kwa hiyo kabla ya kununua mita moja ya mpira wa mlango, nyanyua mlango ukiwa wazi kwa mikono miwili. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika. Mlango ulioshuka unabana mpira huu kupita kiasi kwa chini na hauugusi kwa juu, na hakuna mpira wa dunia hii utakaoziba hapo. Kwenye 911 ya mama, mlango wa shofere ulikuwa umeshuka karibu upana wa kidole. Pini za bawaba zilibadilishwa, mlango ukarudi, na nusu ya tundu la maji ikapotea kabla ya mpira kuguswa.

Kupima mpira wa mlango hakuhitaji mashine. Weka ukanda wa karatasi ya daftari kwenye mlango, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kusita, hapo maji na vumbi vinapita. Ikikatika, umebana sana na kitasa kitateseka. Inatakiwa itoke kwa ubishi. Unafanya hivyo kila baada ya upana wa mikono miwili, kuzunguka mlango wote. Njia nyingine ni kupaka chaki kwenye mpira, kufunga na kufungua, na kuangalia chaki imechora wapi kwenye mlango. Mstari ukikatika, umeona ugonjwa. Kwenye mlango, kiungo cha mpira kinawekwa chini, maana maji yanateremka kutoka juu na huko juu hutaki mahali popote palipoungwa.

Kuna kosa moja la milango ambalo ni la huruma, maana linafanywa na watu wenye nia njema. Maji yanaingia ndani ya mlango wenyewe, katikati ya tole mbili, kila mara mvua ikinyesha. Yanapita pembeni ya kioo kinachoteremka. Watu waliochora gari walijua hilo, ndiyo maana chini kabisa ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Mwenye gari anaona maji yanadondoka pale, anafikiri ni tundu la kutu, anaziba kwa mastiki. Mlango unageuka bidoni. Unaoza kutoka chini, na siku moja unasikia maji yanacheza ndani ukipiga kona. Matundu hayo yafungue kwa waya kila mwanzo wa mvua. Mpira mpya usiyafunike.

Sasa tufike kwenye mipira ya ndani ya pine, kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Je, inaweza kuchukua nafasi ya mpira wa kununua? Kwa parabrizi, hapana. Ni ukanda mtupu usio na mfereji, hauwezi kushika kioo cha uzito ule, na kioo kinachotoka barabarani kinaweza kukata watu. Kwa mlango inasaidia kwa dharura, ikikunjwa kuwa mrija na kubandikwa kwa kole, lakini inapoteza umbo mapema. Plastiki ya mpira wa kumwagilia maji, ambayo wengine wanaipasua na kuivika kwenye ukingo wa mlango, inakuwa ngumu kama mfupa ikikaa juani. Mimi nisingeitegemea.

Lakini kuna mahali ambapo mpira wa pine unafanya kazi vizuri kabisa, na ni mahali ambapo mpira unalinda uhai wa mtu kuliko samaki. Angalia sakafu ya kabini. Fimbo ya gia inatoka kwenye tundu. Pedali zinapita kwenye matundu. Usukani pia. Waya za umeme zinapita kwenye ukuta wa chuma unaotenga mota na miguu ya shofere. Kila tundu lilikuwa na kipande chake cha mpira tangu kiwandani, na kwenye kamyo za zamani vingi vimekwisha kupotea. Kwenye tundu la gia na pedali unapita moshi wa mota, hasa kama bomba la moshi limetoboka, na ndani ya moshi huo mna monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi inayolaza mtu usingizi kabla hajajua anaumwa. Shofere anafunga madirisha kwa sababu ya mvua, kichwa kinamuuma, anafikiri ni uchovu. Na waya inayosuguana na ukingo mkali wa tole bila mpira inachubuka, inagusa chuma, na hapo moto unaweza kuanza.

Vipande hivi ni bapa, havina haja ya umbo maalumu. Fundi alikata duara mbili za mpira wa pine kwa gia, akazipasua kwa namna zinazopishana, akazibana kwa pete ya tole na skurubu. Kwa waya alikata vipande vidogo vyenye tundu dogo kuliko waya, ili vikaze. Kazi yote hiyo ilichukua mchana mmoja na haikugharimu kitu zaidi ya pine iliyokwisha kufa.

Siku ya nne tulipima kwa maji. Watu wengi wanamwaga ndoo juu ya paa na kuangalia ndani. Kila mahali panalowa na hujui tundu liko wapi. Fundi alimweka mtoto mkubwa wa mama ndani ya kabini na tochi na chaki, milango imefungwa. Yeye nje alimwaga maji ya ziwa taratibu kwa bidoni lililotobolewa, akianza chini ya parabrizi, anangoja, anapanda kidogo, anangoja. Kwa sababu ukianza juu, maji yanashuka na kukudanganya. Ukianza chini, mahali maji yanapoanza kuingia ndipo penye shida. Mtoto akiona unyevu, anachora alama na kupiga kelele.

Chini ya kioo, kimya. Pande, kimya. Kona ya kulia, ile iliyogoma, kimya. Mlango wa shofere, kimya. Mlango wa pili ukapata alama moja juu ya bawaba, na fundi akapunguza kidogo mahali pa kufungia kitasa ili mlango ukae ndani zaidi. Wakarudia, kimya. Mama alikuwa amekaa juu ya pine mikono mapajani, hasemi neno.

Kisha mtoto akapiga kelele tena. Tone moja, kubwa, katikati, juu ya dashibodi, mahali palepale ambapo kwenye kamyo ile nyingine niliweka kifaa changu. Fundi alisogea akaangalia kioo, akaangalia mpira, akatikisa kichwa. Akashika mkono wa waipa kwa vidole viwili na kuuchezesha. Chini ya kijiti chake, pale kinapotoboa tole, hapakuwa na mpira wowote. "Yaya mwandishi," akaniambia, "unipe ule mukasi."

Nikamkatia mwenyewe kile kiduara cha mpira wa pine, cha ukubwa wa sarafu. Kilikuwa kimepinda, akakikata kingine.